Hicho kiatu kilikuwa cha nani?

Kwetu kuna hadithi moja ya kiatu, na nikisema kwetu ni ukoo mzima, kutoka nyanya mpaka hawa watoto wa juzi ambao hata meno hawajang'oa. Hadithi yenyewe fupi. Ni Idd, ni Makadara, ule uwanja wetu wa Mombasa, mtoto yuko juu kabisa ya bembea, lile la kuzunguka la wima, anarusharusha miguu kwa raha zake, kiatu kinamchopoka kinaenda chini kinamwangukia muuza kahawa, chapa, juu ya kofia. Muuza kahawa hasemi kitu. Anakiokota, anakigeuzageuza, anakitia kwenye ile ndoo yake ya kuoshea vikombe, anaendelea na biashara. Mtoto anarudi nyumbani mguu mmoja pekupeku. Basi.

Huyo mtoto ni mimi. Au niseme hivi, kwa miaka kama 25 nlikuwa na hakika ni mimi. Kiatu kilikuwa sandak, zile za plastiki za Bata zenye vitundu vitundu, ya bluu, na nakumbuka ule upepo ulivyoniingia kwenye vidole baada ya kiatu kutoka, nakumbuka kofia ya yule muuza kahawa ilivyokuwa ndogo kama kisosi ukiitazama kutoka juu. Nimeisimulia shule ya msingi, nikaisimulia sekondari, nikaisimulia chuo kwa watu wa bara ambao kahawa ya dele hawaijui ikabidi nianze kwa kueleza dele ni nini, kwamba ni lile birika la shaba la kahawa, na mume wangu wakati ananichumbia nlimsimulia vilevile akacheka pale pa kucheka. Manake ina pahali pake pa kucheka, pale ndoo ya vikombe inapoingia. Ukiichelewesha ndoo kidogo tu watu hawana mbavu.

Ikaja 2020.

Mwaikumbuka Idd ya mwaka ule. Corona. Mji wa Kale ulikuwa umefungwa tangu tarehe 6 Mei, hakuingiliki hakutokeki, sawa na Eastleigh kule Nairobi, na Idd ikatukuta hivohivo tarehe 24. Mamangu na nyanya wamo ndani, mimi niko Kisauni na mume na mtoto, ni mwendo wa daraja la Nyali tu hapo na kidogo, lakini hata ningevuka nisingefika mlangoni kwao. Na Makadara tupu. Hakuna swala ya uwanjani, hakuna bembea, hakuna yule mtu wa miwani za plastiki na bastola za maji. Nlikuwa sijawahi kuona kitu kama hicho maishani mwangu, Idd imefika na haina pa kwenda.

Sasa tukahamia wasap. Grupu ya familia, ambayo siku zote ni ya dua za Ijumaa na habari za misiba, siku hiyo iliwaka. Watu wanatuma picha za biriani, za watoto wamevishwa nguo mpya wamekalishwa kwenye makochi kama wageni, halafu binamu yangu mmoja akatoa picha ya zamani sana, nyeusi na nyeupe, wasichana wawili wamesimama ukingoni bahari iko nyuma yao, wamekunja nyuso kwa jua. Nyanya na dadake, marehemu. Alieipiga ni mzee mmoja wa Kigoa aliekuwa akifanya kazi bandarini na baba yake nyanya. Dada mtu amevaa makubadhi. Nyanya mguu mmoja ameuficha nyuma ya mwingine. Sikuliangalia hilo wakati ule, nikaweka kopa tatu kama watu wengine nikapita.

Halafu mdomo ukaniponza, nikaandika: mwakumbuka Idd ile nlipoangusha kiatu Makadara?

Haikupita dakika mbili mamangu akajibu. "Kiatu chako kipi tena? Si kile ni changu."

Nikadhani ananitania. Hapana, alikuwa serious kabisa, na mamangu akiwa serious anaandika bila koma. Kwa mujibu wake yeye ilikuwa 1971, alikuwa na miaka kumi, kiatu kilikuwa patapata, zile ndala za mpira, nyekundu, na bembea lilikuwa lile la chuma. Na baba yake alimnunulia hizo patapata siku hiyohiyo ya Idd mosi ndio mana alichapwa. Nikamuuliza na muuza kahawa je? Akasema muuza kahawa yuko palepale, na ndoo iko palepale, wewe hadithi yangu umeitoa wapi mpaka umeifanya yako.

Nyanya haandiki. Nyanya anatuma voisi, na voisi zake hazipungui dakika nne manake katikati anaita mtu amletee maji, anaamkuana na jirani dirishani, anarudi. Hii ilianza hivi: "Nyinyi wawili, mama na mwana, nyote waongo." Kiatu kilikuwa kubadhi, la ngozi, lililoshonwa na fundi hapo hapo mtaani. Mwaka anaukadiria tu, anasema Fort Jesus ilikuwa jela bado (ilikuwa jela mpaka 1958 kwa hivyo hilo halitusaidii sana), na kwamba King alikuwa King si Queen, sasa hapo ni kabla ya 1952. Patapata, alisema, tena kwa dharau kubwa, patapata ilikuwa haijazaliwa.

Nimekaa nikaisikiliza ile voisi labda mara sita, kwa ajili ya lile bembea.

Kwa sababu bembea la nyanya si bembea mnalolijua nyinyi. Lilikuwa la mbao tupu, magogo mawili yamesimamishwa, mhimili katikati, na masanduku manne yananing'inia, kila sanduku watoto wawili au watatu kama ni wembamba. Halina injini. Injini ni vijana wawili wenye misuli, mmoja huku mmoja kule, wanavuta kwa mikono mpaka linashika kasi halafu mmoja wao anaparamia ile fremu kama anapanda mnazi, anafika juu, anajiachia na uzito wake wote, bembea linakwenda vuuu. Na kupakia watu ilikuwa elimu. Ukitia watoto watatu wanene sanduku hili na kule kinyume chake hakuna mtu, likiachiwa linajizungusha lenyewe, kwa hivyo yule mwenye bembea anawapima kwa macho, wewe njoo huku, wewe subiri, wewe mnene kaa na huyu mwembamba, na watoto wanalia manake ndugu wametenganishwa. Nyanya anasema mtu mzima mmoja alipanda kwa ubishi, mama mwenye mwili wake, na wale vijana walivuta mpaka wakakaa chini.

Malipo yalikuwa ndururu. Kwa mliozaliwa juzi, ndururu ni senti tano, na sarafu zile ndogo za wakati huo, senti moja, senti tano na senti kumi, zilikuwa na tundu katikati. Baba yake nyanya alikuwa anazitunga kwenye uzi siku ya arafa usiku, kila mtoto na uzi wake, asubuhi baada ya swala unavishwa shingoni kama mkufu. Ukitaka kitu unafungua fundo unachopoa moja. Nyanya anasema ilikuwa ukitembea inalia, na kwa mlio ule ulijua huyu baba yake ana kazi na huyu baba yake hana. Kufika adhuhuri Makadara yote imenyamaza.

Sikuwahi kulisikia hili la uzi mpaka siku ile, na nyanya nimemjua maisha yangu yote. Ilibidi mtaa ufungwe.

Halafu akasema kitu ambacho mjomba wangu alikirukia hapohapo. Alisema kutoka juu ya bembea unaiona bahari. Yote, mpaka ng'ambo ya Mkomani, na majahazi yaliyotia nanga bandari ya kale. Mjomba, ambae ni mtu wa ujenzi na hawezi kuacha kitu kipite, akaandika kwamba bembea la mbao la masanduku manne urefu wake ni futi ngapi, tuseme kumi na tano, na kuna nyumba za ghorofa katikati, sasa hiyo bahari nyanya aliionea wapi? Nyanya akajibu kwa voisi ya sekunde tatu. "We ulikuwepo?"

Ugomvi ukaendelea mpaka usiku. Mamangu akalitetea bembea lake la chuma, kwamba ndio lilikuwa refu kwa hivyo yeye ndie alieiona bahari na kiatu ni chake, nyanya akasema bembea la chuma halina roho, linakuzungusha kama mashine ya kusaga. Mimi nikatetea la kwangu, lenye jenereta na taa za rangi, miaka ya tisini, mamangu akasema hilo ndio kabisa, moshi mtupu watoto wanashuka wanakohoa. Kumbe kila mmoja anaona raha iliisha baada yake yeye. Nyanya akatuambia nyanyake yeye alikuwa akiwaona wao na masanduku yao akisema, enzi zetu kamba ya mnazi kwenye mwembe ilitosha. (Halafu nikacheka peke yangu manake siku hizi ukimwambia mamangu "merigo" hafikirii farasi wa kuzunguka hata kidogo, anafikiria chama chao cha akina mama na zamu ya nani kuchukua pesa mwezi huu.)

Ndio kwenye saa nne usiku hivi, wakati mimi bado nang'ang'ania sandak yangu ya bluu, khalati akaamka. Khalati ni mdogo wake mamangu, anaishi Lamu, huwa hasemi kitu kwenye grupu. Akaandika: "Mwanangu wewe hujawahi kupanda bembea hata siku moja. Mimi ndie nlikupeleka. Ulilia kwenye laini ukajikojolea nikakurudisha nyumbani. Sandak ya bluu ulikuwa nayo ndio, ilikuwa imeroa."

Grupu nzima kimya. Halafu wakaanza kucheka, unajua vile vikatuni vya kucheka vinavyokuja mstari mzima.

Sasa mimi nlikuwa nimelala kitandani, mume wangu pembeni anasema nini, mbona umenyamaza, na nlikuwa najaribu kuitafuta ile kumbukumbu. Kofia kama kisosi. Upepo kwenye vidole. Bado ipo! Ipo mpaka sa hii ninapoandika, wazi kabisa, na sijui niifanye nini. Nadhani upepo ni wa bembea dogo la shule na kofia nimeiona mara elfu kutoka kwenye roshani ya nyanya, muuza kahawa akipita chini akigonga vikombe vyake. Na mengine nimepewa na mamangu, nikiwa nimelala mapajani mwake labda, anamsimulia mtu mwengine. Na kwa kweli bembea mimi naliogopa. Siku zote nimekuwa mtu wa kubaki chini na mikoba ya wenzangu, nikijiambia ni kwa sababu nlishaangusha kiatu nikiwa mdogo.

Kitu kimoja tu hakikuwa na ubishi siku ile, kwamba ukitoka bembea unakwenda baharini. Hiyo ni kanuni. Kwa nyanya ilikuwa bandari ya kale, chini ya Mji wa Kale hapo, kutazama majahazi. Huku Lighthouse, ukingoni mwa bahari panapopita meli za Kilindini, hawakuja. Barabara wakati huo iliitwa Azania Drive na nyanya anasema ilikuwa ya wazungu na golfu yao, mngepita tu kwa miguu, hukai. Alikaa kwa mara ya kwanza baada ya uhuru, wakati barabara imeshakuwa Mama Ngina Drive, ameshaolewa, ana watoto. Anasema alitandika leso yake pale ukingoni akakaa akanyoosha miguu, na hata hakumbuki aliona nini baharini, alichokumbuka ni kwamba hakuna mtu aliemuuliza kitu.

Kwa mamangu na kwangu mimi ndio Lighthouse hasa. Jumapili jioni na Idd zote. Babu alikuwa na Datsun, na unaiegesha ikielekea bahari, mibuyu mikubwa iko nyuma yako, na yeye hashuki. Anabaki ndani na redio, mlango wazi, mguu mmoja nje. Wengine wote wanamwagika. Mihogo, ile ya kukaangwa membamba kama karatasi, inatiwa kwenye gazeti lililokunjwa kama pembe, ndimu, pilipili ya unga, unakula machozi yanakutoka na hukubali kwamba ni pilipili. Viazi vya karai. Dafu la kunywa, halafu mwenye madafu analipasua anakukatia kijiko kutoka kwenye kaka lake hilohilo unakomba nyama. Achari ya embe. Mabuyu ya rangi yanayokufanya ulimi mwekundu siku mbili na mwalimu Jumatatu anajua wewe jana ulikuwa wapi.

Na meli. Watu wasiokuwa wa Mombasa nikiwaambia hawaamini, kwamba meli inayoingia Kilindini inapita pale karibu yako kiasi unaweza kumpungia mkono mtu alieko juu yake na yeye akakupungia. Inatokea kule nje ya mwamba kidogo kidogo, halafu ghafla iko mbele yenu kubwa kuliko mtaa, na haina kelele, hicho ndicho kilichokuwa kinanitisha, kitu kikubwa hivo kinapita kimya watu wanatafuna mihogo. Nyanya anazijua kwa majina zile za enzi yake, Karanja na Kampala, za abiria, zikitoka Bombay, na anaweza kukuambia nani wa mtaani alishuka kwenye ipi. Mamangu anakumbuka manuwari za Wamarekani miaka ya themanini na mabaharia wakitapakaa mji mzima. Mimi nakumbuka makontena, na tulikuwa tunabishana na ndugu zangu rangi gani ni mengi, anaeshindwa anatoa mhogo mmoja. Sasa hivi mtoto wangu anafungua simu anakuambia meli inaitwa nani na inatoka wapi kabla haijafika. Sijui, inasaidia, lakini haimshindii mtu mhogo.

Pirates nako, ule ufuo wa ng'ambo ya daraja, tulikwenda, mamangu zaidi kuliko mimi, enzi zao ilibidi kupita lile daraja la zamani la Nyali lililokuwa likielea juu ya maji, na anasema gari zito likipita mbele yenu mnalisikia daraja likiinama. Hili la sasa ni la 1980. Pirates ilikuwa ya ngamia, ya kukodi matyubu ya matairi, ya Disemba na watu wa bara waliojaa mpaka mchanga hauonekani. Raha ilikuwepo. Lakini kwa nyanya Pirates haihesabiki, "mwatoka kisiwani mwenda kutafuta bahari?"

Lighthouse wenyewe walipoifunga kuijenga upya tuligawanyika nyumba nzima. Serikali ilitia shilingi milioni 460, ikafunguliwa Oktoba 2019 na Mashujaa Day ikafanyiwa pale mwaka huohuo, mageti makubwa ya nakshi, vibanda vya kujengewa, njia za kutembea, taa. Mamangu alipoingia mara ya kwanza alitafuta kwa macho pale ambapo Datsun ilikuwa ikisimama. Alisimama hapo kama dakika mbili. Mimi napapenda, ntasema ukweli, mtoto anakimbia hakuna gari la kumgonga na ukingo umetengenezwa. Nyanya alipelekwa kwa tuktuk, akashuka, akatafuta benchi akakataa, akatandika leso chini.

Turudi kwenye kiatu.

Juni, walipofungua Mji wa Kale, nlikwenda nikiwa nimejipaka sanitaiza mpaka viwiko. Nyanya alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Nikamsalimia kwa mbali, yeye akanyoosha mkono nikaubusu kupitia barakoa, tukacheka. Nlikuwa nimeiprinti ile picha ya nyeusi na nyeupe nimpelekee. Akaishika karibu na macho, muda mrefu, kidole kinapita juu ya dadake.

Nikamwambia, basi nyanya, mimi nimekubali kiatu si changu, khalati ameshanimaliza. Lakini kati yako na mama, nani?

Akasema, "Kiatu kilikuwa changu. Mguu haukuwa wangu."

Nikakaa.

Walikuwa wamenunuliwa makubadhi jozi moja, watoto wawili. Baba yao mwaka huo mambo hayakuwa mazuri, ikanunuliwa jozi moja inayomtosha mdogo, yani yeye nyanya, kwa sababu mkubwa alikuwa na ya mwaka jana. Ya mwaka jana ikakatika kamba njiani hata Makadara hawajafika. Wakakubaliana kwa zamu, anaepanda bembea ndie anaevaa, kwa sababu huko juu ndiko unakoonekana na watu, anaebaki chini anabaki pekupeku, chini kuna watu wengi nani atakuangalia miguu. Dada mtu akaanza. Makubadhi yalikuwa madogo, kisigino kinaning'inia nje. Akafika juu, akarusha miguu.

"Mimi nlikuwa chini," nyanya akasema. "Nimesimama karibu na muuza kahawa. Nliliona kubadhi langu linakuja."

Na muuza kahawa kweli alilitia kwenye ndoo? Kweli. Na kwa nini? Sababu, anasema nyanya, na hii katika miaka yote hakuna alieisimulia, ni kwamba lile kubadhi kabla ya kumpiga kichwani lilipita kwenye kinyesi cha punda kilichokuwa kimegandia chini ya bembea tangu jana, sijui lilikuwa limekanyaga hapo wakati wa kupanda, na kofia yake ilikuwa mpya. Akaona aliloweshe kwanza. Baadae alilirudisha, limeoshwa. Hakuna mtu aliekwenda nyumbani mguu mmoja. Walikwenda, anasema, mmoja na viatu viwili, kimoja kimeroa, na mwengine pekupeku, na zamu ya nyanya kwenye bembea haikufika tena kwa sababu ndururu iliyobakia walimpa muuza kahawa kwa ajili ya kofia.

Nikamuuliza na bahari? Ulisema kutoka juu uliiona bahari mpaka Mkomani.

"Aliniambia yeye," akasema. Kidole bado kiko kwenye picha. "Aliposhuka nlikuwa nalia, akaniambia ameiona yote. Mpaka ng'ambo. Nikamuamini miaka chungu nzima. Nlipokuwa mkubwa nikapiga hesabu kama mjomba wako."

Sikumuuliza zaidi. Akaitia picha chini ya mto wa kiti, akaniambia nimpigie simu mamangu huko jikoni alete chai, yani yuko chumba cha pili.

Ilichukua miaka kabla Idd yetu haijarudi vile. Mwaka 2024 nlimpeleka binti yangu Makadara, Idd mosi alasiri, alikuwa na miaka minane. Nguo ya manjano, viatu vyeupe vya mkanda alivyovichagua mwenyewe na nlivyoviona bei yake nikanyamaza. Bembea lilikuwa la chuma, na injini yake inayonguruma, na foleni, na mimi tumbo likaanza mambo yake hata sijashika tiketi. Nikamwambia ntakushikia viatu? Akasema hapana. Hadithi anaijua, ya kwangu na ya mamangu na ya nyanya zote tatu, ameshazisikia na amesharekebisha watu wakizisimulia vibaya.

Zamu yake ilipofika akakaa chini pale kwenye vumbi na nguo yake ya manjano, akavivua vyote viwili, akavifunga mikanda pamoja, akavikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Yule kijana wa bembea akamwambia mtoto shika chuma, shika chuma. Akashika chuma kwa mkono mmoja, viatu akavibana kwa kidevu. Bembea likaondoka. Kila akipita karibu yangu nlikuwa namuona kichwa chini, kidevu kimebana, hatazami kushoto hatazami kulia, watoto wengine wanapiga kelele yeye analinda mali. Mizunguko kumi hivi. Nlikuwa nimesimama na mkoba wake na chupa yake ya maji na ya kwangu.

Aliposhuka nikamuuliza umeona bahari?

"Sikuangalia. Nlikuwa nimeshika viatu."

Jioni tukaenda Lighthouse, kanuni ni kanuni. Nyanya alishaletwa, ameshatandika leso yake chini karibu na ukingo, mamangu pembeni anamnyang'anya mihogo yenye pilipili nyingi na yeye anairudisha. Kulikuwa na meli inaingia, makontena mekundu na ya buluu, kimya kama kawaida yake. Binti yangu akambusu nyanya mkono, akakaa mapajani pake nusu nusu manake nyanya sa hii ni mifupa tu.

"Haya, umepanda bembea?"

"Nimepanda."

"Ukaiona bahari?"

Mtoto akanitazama mimi kidogo. Halafu akageuka.

"Yote," akasema. "Mpaka ng'ambo."

Nyanya alicheka mpaka ikawa kikohozi, mamangu akampiga mgongo, mimi nikainuka kwenda kutafuta dafu.